Safari ya Damu Kati ya Moyo na Mapafu

Mbuzi au ng'ombe anapochinjwa, watu wengi hutazama nyama na mafuta tu. Lakini mwanafunzi apendaye maarifa hutazama na vitu vya ndani. Huyaona mapafu mawili, mepesi, tena laini yakibonyezwa. Katikati ya mapafu huuona moyo, nao ni nyama ngumu. Akijaribu kuutenga moyo na mapafu kwa mkono, huona kwamba hautengeki kwa urahisi, kwa maana umeunganishwa nayo kwa mishipa minene. Basi hujiuliza: Mishipa hii ni ya kazi gani? Mbona moyo na mapafu vimefungamana namna hii?

Swali hili ni fupi, lakini wenye elimu wa zamani walikosea jawabu lake kwa muda wa miaka elfu na zaidi. Katika somo hili tutaona jawabu lililo kweli, na jinsi lilivyopatikana, na faida yake kwetu sisi tulalao na kuamka tukivuta pumzi.

1. Ukuta usio na mlango

Moyo wa mtu ni kama ukubwa wa ngumi yake. Ukipasuliwa huonekana una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Vyumba vya juu vina kuta nyembamba, na kazi yake ni kuipokea damu. Vyumba vya chini vina kuta nene, na kazi yake ni kuisukuma damu iende mbali. Katikati ya moyo, toka juu hata chini, pana ukuta wa nyama utengao upande wa kulia na upande wa kushoto. Damu iliyo upande wa kulia haiwezi kupenya ukuta huo ikaingia upande wa kushoto.

Fikirini nyumba mbili zilizojengwa kwa kushirikiana ukuta mmoja wa mawe, usio na mlango wala dirisha. Mtu aliye katika nyumba ya kwanza, akitaka kuingia katika nyumba ya pili, hawezi kupita ukutani, ijapokuwa jirani yake yu karibu hata wanasikilizana. Sharti atoke nje, ashike njia ya sokoni, azunguke, ndipo aingie kwa mlango wa upande wa pili. Ndivyo ilivyo kwa damu. Nyumba mbili ni pande mbili za moyo, na soko ni mapafu. Damu itokayo chumba cha chini cha kulia haina njia nyingine ila ya mapafuni.

Tena kila chumba cha chini kina vilango viwili, kimoja cha kuingilia damu na kimoja cha kutokea. Vilango hivi ni ngozi nyembamba zenye nguvu, navyo huitwa vali. Vali hufunguka upande mmoja tu. Damu ikitaka kurudi nyuma, vali hujifunga. Ukiweka sikio lako juu ya kifua cha mwenzako utasikia sauti mbili zikifuatana, kisha kimya kidogo, kisha sauti mbili tena. Hizo ni sauti za vali zikifungwa.

2. Mishipa ya namna tatu

Mishipa ya damu ni ya namna tatu. Ya kwanza ni ile ipelekayo damu kutoka moyoni, nayo huitwa ateri. Ya pili ni ile irudishayo damu moyoni, nayo huitwa vena. Ya tatu ni ile iunganishayo ateri na vena, nayo ni myembamba mno kuliko unywele wa kichwa, nayo huitwa kapilari.

Hapa wanafunzi wengi hukosea. Husikia kwamba ateri huchukua damu nyekundu iliyo safi, na vena huchukua damu nyeusi-nyeusi iliyochoka, wakadhani kwamba hiyo ni kanuni isiyo na tofauti. Sivyo. Mshipa huitwa ateri au vena kwa sababu ya upande iendako damu, si kwa rangi ya damu iliyomo. Katika mwili wote ni kweli kwamba ateri huwa na damu nyekundu sana. Lakini kati ya moyo na mapafu mambo hugeuka: ateri ndiyo yenye damu iliyochoka, na vena ndizo zenye damu safi. Mwenye kulishika jambo hili hatapotea njia katika safari tutakayoieleza sasa.

3. Safari yenyewe

Tuifuate damu iliyokwisha kufanya kazi yake mwilini. Damu hii imetoka kichwani, mikononi, tumboni na miguuni. Imewagawia viungo hewa waitakayo, iitwayo oksijeni, nayo imechukua taka yao, yaani hewa iitwayo kaboni dioksidi. Rangi yake ni nyekundu iliyoiva, karibu na weusi. Inarudi kwa vena mbili kubwa, moja yatoka upande wa juu wa mwili na moja yatoka upande wa chini, na zote mbili huingia chumba cha juu cha kulia. Kutoka hapo hushuka, hupita vali, huingia chumba cha chini cha kulia.

Ndipo chumba hicho hujikaza. Vali ya kuingilia hujifunga, ya kutokea hufunguka, na damu hutupwa katika ateri nene ya mapafu. Ateri hii haiendi mbali kabla ya kugawanyika panda: tawi moja laenda pafu la kulia, na tawi moja laenda pafu la kushoto. Ndani ya pafu kila tawi hugawanyika tena na tena, kama njia kuu igawanyikavyo kuwa njia za vijiji, na njia za vijiji kuwa vijia vya mashambani, hata mwisho huwa kapilari.

Katika kapilari za mapafu damu huacha kaboni dioksidi na kupata oksijeni mpya. Rangi yake hubadilika, ikawa nyekundu ya kung'aa. Kisha kapilari hukutana zikawa vena ndogo, na vena ndogo hukutana zikawa kubwa, hata mwisho zimebaki vena nne, mbili kutoka kila pafu. Hizo huingia chumba cha juu cha kushoto. Damu hushuka, hupita vali, huingia chumba cha chini cha kushoto. Nacho hujikaza na kuisukuma katika ateri kubwa kuliko zote, iitwayo aota, ili iende mwili mzima.

Pande zote mbili za moyo hupiga kwa wakati mmoja. Wakati ule ule upande wa kulia upelekapo damu mapafuni, upande wa kushoto hupeleka damu mwilini. Lakini nguvu zao si sawa. Ukikata moyo wa mbuzi kwa upana utaona kwamba ukuta wa chumba cha chini cha kushoto ni mnene sana kupita wa kulia. Katika mtu mzima unene wake huwa kama mara tatu. Sababu yake ni nini? Upande wa kushoto hufikisha damu hata ukingoni mwa vidole vya miguu, na juu hata utosini. Upande wa kulia hufikisha damu mapafuni tu, nayo mapafu yako karibu. Tena kapilari za mapafu ni dhaifu. Damu ikisukumwa humo kwa nguvu nyingi mno, maji yake yangevuja na kujaa mahali pa hewa.

4. Mahali damu na hewa zinapokutana

Hewa tuvutayo hushuka kwa koo la pumzi. Koo hili hugawanyika kama mti uliopinduliwa, shina juu na matawi chini, na mwisho wa vitawi vidogo kabisa kuna vifuko vya hewa. Vifuko hivi ni vidogo mno, lakini hesabu yake ni kubwa: katika mapafu yote mawili ya mtu mzima hukisiwa kuwa milioni 300 au zaidi. Kama tungeweza kuzikunjua kuta zake zote na kuzitandaza, zingeenea kama meta za mraba 70, yaani sakafu ya darasa lenye urefu wa meta 10 na upana wa meta 7. Eneo hilo lote limekunjwa ndani ya kifua.

Kila kifuko kimezungukwa na kapilari, kama mpira wa makuti uliozungushiwa wavu. Ukuta uliopo kati ya hewa na damu ni mwembamba mno, haufiki hata sehemu moja katika elfu ya milimita. Oksijeni hupenya kutoka upande wa hewa, na kaboni dioksidi hupenya kutoka upande wa damu. Hewa na damu hazichanganyiki kama maji na unga. Hupeana tu kwa kupitia ukuta huo, kama watu wawili wapeanao vitu dirishani. Chembe nyekundu za damu hupita hapo karibu moja moja, na muda wake wa kupita, mtu akiwa ametulia, haufiki sekunde moja. Muda huo mfupi watosha.

Twaweza kuithibitisha biashara hii darasani. Mwalimu na atie chokaa kidogo katika maji, aitikise, aiache itulie siku moja, kisha ayamimine polepole maji meupe yaliyo juu katika glasi. Mwanafunzi mmoja achukue bua la jani la mpapai, apulize pumzi polepole ndani ya maji hayo. Aangalie asiyavute kinywani, kwa maana huunguza. Baada ya kitambo kidogo maji yaliyokuwa maangavu yatakuwa kama maziwa. Kaboni dioksidi ya pumzi ndiyo iliyoyageuza. Hewa hiyo ilikuwa ndani ya damu yake dakika chache tu kabla ya hapo.

5. Hesabu ya kushangaza

Shika kifundo cha mkono wako kwa vidole viwili, upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika moja. Mtu mzima aliyetulia hupata kama mapigo 70. Mtoto hupata zaidi. Kwa kila pigo moyo wa mtu mzima hutoa mililita 70 hivi kwa kila upande, yaani kama kikombe kidogo cha kahawa. Basi 70 mara 70 ni mililita 4,900, karibu lita 5 kwa dakika. Na damu yote ya mtu mzima ni kama lita 5. Maana yake ni kwamba, kwa kukisia, damu yote ya mwili hupita mapafuni kwa muda wa dakika moja.

Endeleeni na hesabu. Lita 5 kwa dakika ni lita 300 kwa saa, na kwa siku moja ni lita 7,200. Hayo ni madebe 360 ya lita 20. Ni nani awezaye kuteka madebe 360 kisimani kwa siku moja? Moyo hufanya kazi hiyo usiku na mchana, nasi hatuna habari.

6. Jinsi njia hii ilivyojulikana

Katika karne ya pili tangu kuzaliwa kwa Kristo palikuwa na tabibu mashuhuri, jina lake Galen, Myunani aliyefanya kazi Roma. Alikuwa na maarifa mengi, akapasua wanyama wengi, akaandika vitabu vingi. Galen alifundisha kwamba damu huvuka kutoka upande wa kulia wa moyo mpaka wa kushoto kwa matundu madogo yasiyoonekana, yaliyomo katika ule ukuta wa katikati. Hakuna mtu aliyeyaona matundu hayo. Hata hivyo, kwa kuwa Galen alikuwa mkubwa wa elimu, watu waliyasadiki kwa karne nyingi.

Mwaka 1242 tabibu Mwarabu, Ibn al-Nafis, mtu wa Shamu aliyefanya kazi Cairo, aliandika kitabu cha kueleza maumbile ya mwili. Katika kitabu hicho alisema waziwazi kwamba ukuta ule ni mnene, wala hauna matundu, si ya kuonekana wala yasiyoonekana. Kwa hiyo damu sharti ipite mapafuni, ichanganyikane na hewa, ndipo irudi upande wa kushoto. Alisema kweli. Lakini maneno yake hayakuenea, yakakaa katika maktaba mpaka mwaka 1924, tabibu kijana wa Misri aliyekuwa akisoma Ujerumani alipoyagundua na kuyatangaza.

Huko Ulaya Michael Servetus, mtu wa Hispania, aliandika juu ya njia ya mapafuni katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1553. Kitabu hicho kilikuwa cha mambo ya dini, na kwa sababu ya mafundisho yake ya dini alichomwa moto Geneva mwaka ule ule. Mwaka 1559 kikatoka kitabu cha Realdo Colombo wa Italia, aliyeieleza njia hiyo baada ya kupasua wanyama na kutazama.

Kisha akaja Mwingereza, William Harvey. Mwaka 1628 alitoa kitabu kidogo chenye habari kubwa. Harvey alitumia hesabu, kama tulivyofanya sisi. Alionyesha kwamba, hata mtu akikisia kidogo sana, moyo hutoa katika nusu saa damu nyingi kuliko damu yote iliyomo mwilini. Basi haiwezekani kwamba damu mpya hutengenezwa kwa chakula kila wakati, kama walivyodhani wa zamani. Sharti damu ile ile izunguke na kurudi.

Lakini Harvey alipungukiwa na jambo moja. Hakuweza kuonyesha jinsi damu ivukavyo kutoka ateri mpaka vena, kwa maana hakuna jicho liwezalo kuona kapilari bila chombo. Alikufa mwaka 1657. Miaka minne baadaye, mwaka 1661, Marcello Malpighi wa Bologna alitazama pafu la chura kwa hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo, akaziona kapilari. Hivyo mahali pa mwisho palipokuwa na giza pakaonekana. Na huyo Malpighi alizaliwa mwaka 1628, mwaka ule ule wa kitabu cha Harvey.

Angalieni sana jambo hili. Galen hakuwa mjinga, wala waliomfuata hawakuwa wajinga. Walikosea kwa kuwa walisadiki kitu wasichokiona, na hawakurudi kutazama tena. Yeye aliyetazama ukuta, na yeye aliyehesabu, na yeye aliyetumia hadubini, hao ndio walioipata kweli.

7. Mtoto kabla ya kuzaliwa

Pengine mwanafunzi mwerevu atauliza: Mtoto aliye tumboni mwa mama yake hafuti pumzi, basi damu yake yaenda mapafuni kufanya nini? Swali hili ni jema. Mtoto huyo hupata oksijeni kwa damu ya mama, kwa njia ya kondo na kitovu. Mapafu yake yamejaa maji. Kwa hiyo moyo wake una kilango katika ukuta utengao vyumba vya juu, na damu nyingi hupita hapo bila kwenda mapafuni. Tena kuna mshipa mfupi uunganishao ateri ya mapafu na aota, ili damu iliyoelekea mapafuni ipate kupunguzwa njiani.

Mtoto azaliwapo na kulia kwa mara ya kwanza, mapafu hujaa hewa. Ndipo damu huanza kumiminika mapafuni, hurudi kwa wingi upande wa kushoto, nayo husukuma kile kilango kikafungwa. Ule mshipa mfupi nao hujikaza, na baada ya siku chache huziba. Tangu hapo damu hufuata njia ya mapafu. Basi mkunga afurahipo kusikia kilio cha mtoto, ana haki ya kufurahi, maana kwa kilio hicho moyo umeshika njia yake mpya.

8. Jambo la kuangalia nyumbani

Tumeona kwamba damu yote hupita mapafuni kwa muda wa dakika moja hivi. Kwa hiyo kitu chochote kilichomo katika hewa tuvutayo, kikiweza kupenya ule ukuta mwembamba, hufika ubongoni upesi sana. Dirisha liingizalo oksijeni laweza kuingiza na sumu.

Makaa yakiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha, hutoa hewa mbaya iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hii haina rangi wala harufu. Hupenya mapafuni, hushika chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na kukalia mahali pake. Moyo huendelea kupiga, na damu huendelea kuzunguka, lakini haina tena mzigo wa kutosha wa oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, miguu hulegea. Akiwa usingizini huenda asitambue lolote, wala asiamke kamwe.

Watu wengi katika nchi za baridi, na katika milima yetu pia, wamepoteza maisha kwa kuingiza jiko la makaa chumbani usiku ili wapate joto, wakafunga mlango na madirisha. Msifanye hivyo. Jiko na litolewe nje kabla ya kulala, hata kama makaa yamefunikwa na majivu na kuonekana yamezimika. Mkimkuta mtu amelegea katika chumba chenye jiko, fungueni milango na madirisha, mtoeni upesi kwenye hewa safi, kisha mpelekeni hospitali. Mwenye kuingia kumwokoa asikawie humo, asije akaanguka yeye naye.

Mkifika nyumbani leo waambieni wazee wenu habari hii, na jioni tazameni jiko limewekwa wapi.

Maswali

1. Kwa nini damu ya upande wa kulia wa moyo haiwezi kwenda moja kwa moja upande wa kushoto?
2. Ateri ya mapafu ina damu ya namna gani? Kwa nini huitwa ateri?
3. Kwa nini ukuta wa chumba cha chini cha kushoto ni mnene kuliko wa kulia?
4. Harvey alitumia hesabu gani? Malpighi aliongeza nini?
5. Hesabu mapigo ya moyo wako ukiwa umeketi, kisha baada ya kukimbia kuzunguka uwanja. Eleza sababu ya tofauti.
6. Kwa nini si salama kulala na jiko la makaa chumbani?